Hapakuwa na Ng'ombe

Masunga,

Sitakuita marehemu. Neno hilo linamsafisha mtu, na wewe hujasafishwa bado. Nitakuita Masunga tu, kama nilivyokuita tangu utoto, na kama nilivyokuita siku ile nikiligonga paa la gari lako kwa ngumi.

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Wageni wameondoka, turubai limerudi parokiani, masufuria yamerudi kwa wenyewe. Mama amebaki na ile picha yako uliyopiga ukiwa umeegemea boneti la lori. Anaipangusa kila asubuhi kwa upindo wa kanga. Juzi aliniuliza mbona silii. Nikamwambia machozi yangu niliyamaliza wodini. Amenuna mpaka leo. Wewe huwezi kununa, basi nakuandikia wewe.

Nianze na mazishi yako, maana hukuyaona. Katekista alisimama akasoma habari za maisha yako. Akasema ulikuwa dereva mwenye tahadhari, kwamba miaka yote uliyoendesha ulipata ajali moja tu, na hiyo nayo ilisababishwa na ng'ombe. Watu wakatikisa vichwa, masikini, ng'ombe. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake, mguu wa kushoto nimeunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki, kila anayepita anauruka. Nikainua macho. Mzee Gamaha alikuwa amesimama karibu na ua wa minyaa, kofia ameishika kifuani.

Alikuja kukuzika, Masunga. Ametembea kwa miguu toka kwake. Aliposikia neno ng'ombe aliiangalia ile kofia, akaivaa, akaondoka kabla jeneza halijashushwa. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee huyu mpaka leo ana kinyongo." Mwenzake akaitikia, "Wengine hawasamehe."

Nilitaka kusimama palepale. Mguu uligoma, au mimi niligoma, sijui. Ulifukiwa na uongo wako juu yako kama shuka.

Sasa tukumbushane, kwa kuwa ulipenda sana kusahau.

Zamani pamba yote ilikuwa ya ushirika na wewe uliendesha lori la ushirika. Lilikwenda polepole, lilingoja siku nzima, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha wakaruhusiwa wanunuzi binafsi. Ushirika ukayumba, lori lako likaegeshwa mpaka majani yakaota kwenye tairi, ukakaa nyumbani masika yote unamkaripia kila anayepita. Ndipo yule tajiri wa Mwanza akakupa gari lake. Wanunuzi wakagombania pamba kama kuku na kumbikumbi. Aliyetangulia kiwandani alishusha mapema akarudi vijijini kabla ya wenzake, na aliyechelewa alikuta wenzake wameshasomba. Ukajifunza kukimbiza. Mama akatamba sokoni, "Mwanangu hapitwi."

Siku ile nilikuwa Zagayu. Nilikuwa nimepeleka majoho ya kwaya niliyoshona mwezi mzima kwenye cherehani yangu ya miguu, pale barazani karibu na soko la Bariadi. Ulinikuta njiani, gari limejaa magunia ya pamba. Ukasema, "Panda, dada, tufike wote." Ndani ulikuwa na msimamizi wa tajiri. Juu ya pamba alikuwepo Bibi Ngolo peke yake, anapelekwa Bariadi kutazamwa macho. Alinikaribisha kama mtu aliye nyumbani kwake, akanipa karanga kutoka kwenye pindo la nguo yake.

Lori la mnunuzi mwingine likatupita. Nililiona mimi kutoka juu. Niliona na wewe ulivyobadilika, maana gari lilibadilika. Tulikuwa tunateremka kuelekea korongoni. Nikagonga paa. "Masunga, taratibu! Kuna bibi huku!" Unakumbuka ulifanya nini? Ulitoa mkono dirishani ukanipungia. Nilisikia na kicheko chako. Bibi Ngolo akanishika mkono akasema, "Mwambie huyo kijana mimi sina haraka."

Hilo ndilo neno lake la mwisho duniani. Wewe hukulisikia; nimelibeba mimi siku zote hizi.

Barabara ilikuwa tupu, nyeupe kwa vumbi la lile lori lililotangulia. Mbele yetu hapakuwa na ng'ombe, hata mbuzi hapakuwa. Ulikata kona ukiwa na mwendo usioweza kukata kona, na pamba yote, na sisi juu yake, tukaenda upande.

Bibi Ngolo alifia palepale. Mimi fupa la paja lilikatika na kitu kikakatika pia huko ndani, mpaka leo madaktari wanasema mshipa. Wewe ulichubuka kiwiko.

Ulikuja hospitali mara moja. Mara moja, Masunga. Siku ya tano. Mguu wangu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, siwezi kugeuka, Mama ndiye aliyenigeuzia kichwa nikuone. Nilidhani umekuja kuniambia pole. Ukapiga magoti kando ya kitanda ukasema, "Trafiki anakuja kuchukua maelezo yako kesho. Nimeshamwambia kuna ng'ombe alikatiza. Msimamizi naye kasema hivyohivyo. Umebaki wewe."

Nikaiangalia ile kamba. Ukasema, "Nitafungwa, Minza."

Nikasema, "Na Bibi Ngolo?"

Ukasema, "Bibi Ngolo hawezi kurudi."

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika kikombe cha uji. Akasema, "Mguu umeshavunjika. Mnataka tuvunje na nyumba?"

Kesho yake askari akaja, kijana mpole, akaniuliza kama ninaweza kukumbuka. Nikamwambia ng'ombe alikatiza. Akaandika. Akanishikia karatasi nikaweka sahihi nikiwa nimelala chali. Nilikuwa na homa, ninaweza kusema ilikuwa homa. Siyo homa. Nilijua ninachokisema.

Ukaenda zako. Miezi minne nilikaa wodini, hukurudi. Mama alilala sakafuni chini ya kitanda changu miezi hiyo yote, na kila mlango ulipolia alisema, "Huyo Masunga." Alikuwa daktari, alikuwa mfagiaji, alikuwa mgonjwa mwingine. Siku moja tulilisikia lori lako likipita barabarani nje, sote wawili tuliujua mlio wake. Mama akaanza kunisuka nywele ambazo alikuwa amezisuka jana yake.

Tukiwa hukohuko ndipo habari zikafika za Mzee Gamaha. Kijiji kiliuliza: ng'ombe wa nani? Upande ule wa korongo anachunga mtu mmoja tu. Sungusungu wakaitisha dagashida, mkutano wa wananchi wote chini ya jua, wakamsimamisha katikati. Akasema ng'ombe wake siku ile walikuwa lamboni wanakunywa. Wakamwambia, "Hata dada wa dereva, aliyevunjika mguu, amesema ng'ombe." Walinitaja mimi. Akatozwa mtamba mmoja wa kupewa ukoo wa Bibi Ngolo, na akatengwa mpaka mavuno. Unajua kutengwa. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsalimia njiani, mkewe akifika kisimani wengine wanabeba ndoo zao na kuondoka. Mwanaye mkubwa alishindwa kuvumilia, akaenda kuchunga ng'ombe wa watu Lingeka. Mpaka leo yuko huko.

Na mimi nilinyamaza. Nilisema moyoni, nikipona nitasema. Nilipopona nikajiambia, nitasema nikianza kutembea. Nilikuchukia kwa ajili ya mguu, lakini hilo ni dogo. Nakuchukia zaidi kwa sababu ulinifanya nifanane na wewe.

Nikusimulie kupona, maana hukuuliza. Mfupa uliunga ukiwa umepinda. Wakanipeleka hospitali kubwa Mwanza, wakauvunja upya ili uunge vizuri. Mguu ukatoka mfupi kwa vidole vitatu, goti gumu kama mpini, na unyayo hausikii. Ukiukanyaga siwezi kujua mpaka nikuone. Kulikuwa na nesi wa mazoezi, mama mnene mkali, alinipa chupa tupu akasema niizungushe chini kwa unyayo mara mia asubuhi na mara mia jioni. Nikamwambia siisikii chupa. Akasema, "Chupa haikuombi uisikie. Izungushe." Nilizungusha chupa ile mwaka mzima. Nilivunja mbili, moja kwa bahati mbaya.

Waliokuwa wanazungumza na Baba mdogo habari za ng'ombe wa mahari yangu hawakurudi tena. Sikuwalaumu. Magongo yalinitoa malengelenge kwapani. Nilijifunza kwenda chooni peke yangu na siku hiyo nilifurahi kuliko siku ya kipaimara. Fundi viatu wa sokoni alinishonea kandambili ya tairi, mguu wa kushoto tabaka nne, ili nisiyumbe. Watoto wakaniita Mama Ghorofa. Wewe wakati huo ulikuwa unaendesha mpaka Nassa, unarudi na sato wa kuwapa marafiki zako. Mama alileta mmoja akasema umenitumia mimi. Nilimjua Mama anavyodanganya. Samaki huyo alikuwa ameliwa kichwa.

Mwaka wa tatu nilirudi barazani. Cherehani ilikuwa imekaa chini ya gunia, panya wamekula mkanda. Nikakalia kile kiti changu na nikaweka miguu pedalini, na mguu wa kushoto ukateleza ukaanguka pembeni kama wa mtu mwingine. Nikaurudisha kwa mkono, ukaanguka tena. Nikaufunga kwa kipande cha kanga kwenye pedali, nikakanyaga, gurudumu likageuka kinyume, likakata uzi. Nilikaa pale mpaka soko likafungwa nikikanyaga bila uzi na bila nguo. Kesho yake vilevile. Wiki mbili nilishona hewa. Mwisho nikagundua mguu wa kulia peke yake unaweza kusukuma kwa kisigino na kuvuta kwa vidole, ukiwa na subira, na paja la kulia linawaka moto kila jioni mpaka leo.

Basi nikaweza. Na nilipoweza nikakuta hakuna anayeshonesha. Wakati mimi nalala, mitumba ilikuwa imefika. Mlima wa nguo umemwagwa chini kwenye turubai, magauni, suruali, makoti ya nchi za baridi, watu wanachagua na kucheka. Nani atanunua kitambaa angoje siku nne kwa fundi kilema? Siku ile nilikutukana kwa sauti, Masunga, mbele ya wachuuzi. Walidhani ninaumwa.

Nilianza kwa kupunguza. Suruali iliyomzidi mtu naikata, koti namtolea mikono. Nguo ya mitumba haimjui aliyeinunua, lazima mtu aipatanishe naye. Nikapata watu. Halafu zikaja sare za shule, maana mzungu hatupi sare. Sasa kila Januari baraza langu linajaa. Mteja wangu wa kwanza wa sare unamjua. Mama Sayi, binti wa Bibi Ngolo. Analeta watoto wake watatu, nawapima mabega, na kila mara kabla ya kuondoka ananiambia, "Pole, dada. Sisi na wewe tuliumizwa na ng'ombe mmoja." Mimi naweka pini mdomoni ili nisijibu.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini.

Ukaumwa wewe. Tumbo likavimba, miguu ikakonda. Mama aliniita kutoka barazani, nikakulisha uji kwa kijiko siku tisa. Usidhani ulikuwa upendo. Mama mikono ilikuwa inamtetemeka. Siku ya nane ulinitazama nikitoka jikoni nikiyumba na bakuli, ukasema, "Minza, mguu vipi?"

Miaka sita, Masunga.

Nikakujibu, "Upo."

Nilingoja. Nilikaa pale kitandani mpaka uji ukapoa, nikikungoja useme lile lingine. Ukageukia ukutani. Siku iliyofuata ukafa.

Baada ya mazishi, ile kofia ya Mzee Gamaha haikuniacha. Jumanne asubuhi nilimwomba jirani anibebe kwa baiskeli, nikafika kwake jua bado dogo. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia kama babu yangu, "Mwangaluka, guku," akaitikia, akanionyesha kigoda, akauona mguu, akaingia ndani mwenyewe akaniletea kiti kirefu.

Nikasema, "Guku, nimekuja kwa jambo la ajali. Hapakuwa na ng'ombe."

Hakuacha kuchonga. "Najua," akasema. "Ng'ombe zangu nazijua. Zilikuwa lamboni."

"Nilisema uongo."

Hapo akaacha. Aliweka panga chini taratibu sana. "Hilo sikulijua," akasema. "Mimi nilidhani uliona kivuli. Mtu akianguka toka juu vile anaweza kuona kitu chochote. Nilimwambia mke wangu, huyo binti msimlaumu, aliona kivuli."

Sikuwa na pa kuweka uso. Watu walimnyima moto kwa neno langu, naye akakaa gizani ananitafutia udhuru.

Kisha akasema, "Kaka yako ndiye aliyejua. Alikuja hapa mara tatu. Alikaa pale penye kinu. Akaniuliza mvua, akaniuliza maziwa, akaondoka. Mara ya tatu nikamwambia, 'Kijana, ukija tena njoo na maneno.' Hakuja tena."

Nimekaa na habari hiyo siku zote hizi na sijui pa kuiweka. Wengine wangesema, unaona, moyo wake ulimsumbua. Mimi imenizidishia hasira. Ulipajua mlango. Uliweza kufika kwa Mzee Gamaha mara tatu, ukashindwa kufika wodini mara mbili. Ulifika pale penye kinu ukamwuliza mtu uliyemvunja, mvua vipi! Afadhali ungekuwa mnyama. Mnyama hafiki akarudi.

Nikamwomba mzee anisamehe. Akatikisa kichwa, siyo kwa ukali. "Mayu, mama, mimi sikuhukumiwa hapa uani. Nilihukumiwa mbele za watu. Kanisemee huko."

Nikamuuliza habari za mtamba wake, nikasema ukoo wetu utamrudishia. Akasema, "Wale walifiwa. Ng'ombe yule aliwanywesha watoto maziwa, mwache. Mimi nataka mwanangu arudi kutoka Lingeka akiwa mtoto wa mtu mwenye jina."

Nimemwambia Mama. Alipiga ukelele kana kwamba umekufa tena. "Unataka kumfukua ndugu yako? Unataka waje wateme mate juu ya kaburi?" Nikamwambia kwamba Mzee Gamaha ametemewa mate akiwa hai. Akasema nikilifanya hilo nisikanyage kwake. Nimeshahamishia godoro langu barazani, nyuma ya cherehani. Panatosha mtu mmoja na mguu ulionyooka.

Ninaogopa, Masunga. Nakwambia kwa kuwa hutamwambia mtu. Simwogopi trafiki wala sungusungu. Namwogopa Mama Sayi. Atakuwepo. Atasikia kwamba mikono hii iliyowapima watoto wake ndiyo iliyoweka sahihi. Anaweza kuchukua sare zake akaenda kwa fundi mwingine, na wengine wakamfuata, na nikabaki na cherehani niliyoirudia kwa miaka, haina kitu chini ya sindano. Ikiwa hivyo, iwe. Nimeshawahi kushona hewa.

Dagashida ni Jumamosi. Nimeenda kwa mtemi wa sungusungu, akaniuliza ni jambo la nani, nikasema ni langu. Atanipa nafasi baada ya mashauri ya mipaka.

Nakuahidi haya. Nitasimama, sitaomba kiti. Nitaanza na jina langu kwa sababu lako limezoea kujificha nyuma ya mengine, kisha nitalitaja lako, na la baba yetu, wasikuchanganye na mtu mwingine. Nitasema mwendo, nitasema lile lori lililotupita, nitasema mkono ulioutoa dirishani na maneno ya Bibi Ngolo yote, mtoto wake ayasikie. Watu wakikulaani sitakutetea. Lakini akitokea mtu akasema ulikuwa umelewa, au uliiba pamba ya tajiri, nitamkatalia mbele yao wote, maana hukuwa mlevi na hukuwa mwizi. Nitasema ulilotenda. Sitaongeza wala sitapunguza. Heshima niliyobakiwa nayo ya kukupa ni hiyo tu, ichukue.

Lala huko, ukiweza.

Dada yako, kwa kuwa hilo siwezi kulibadilisha,

Minza